Miaka Mitano Bila Doa

INATANGAZWA kwa watu wote wa Mpanda na vitongoji vyake, wenye magari na wenye miguu, ya kwamba Bwana Apolinari Lusambo, dereva wa lori namba saba, ametimiza miaka mitano ya kuendesha bila doa. Hakugonga mtu, hakugonga ng'ombe, wala hakulaza gari mtaroni kwa kosa lake mwenyewe. Kwa heshima ya tendo hilo adimu katika jimbo lote, Kampuni itamkabidhi hati na kofia mpya siku ya Jumamosi saa nne asubuhi, uwanjani pa malori. Watu wote mnaombwa kuhudhuria mkiwa wasafi.

Tangazo hilo lilibandikwa mlangoni pa ofisi ya malori mwezi wa Novemba 1957, likapigwa mihuri miwili, kana kwamba mmoja ungeona haya kukaa peke yake. Karani aliyelichapa alijua pa kuweka maneno manne: "kwa kosa lake mwenyewe." Ukiyaondoa hayo manne, hati nzima inafaa kufungia karanga. Hadithi ya Apolinari ni hadithi ya jinsi maneno hayo yalivyopata kuingia pale.

Alizaliwa Kasokola, kwenye mahindi na karanga, na angezeekea hapo kama Wazungu wasingegombana wenyewe kwa wenyewe. Walipogombana walimwita awasaidie. Wakampa kaptula, wakamfundisha lori, wakampeleka Burma, ambako wanasema mvua hainyeshi, inamwagwa. Huko lori lake lilibiringika, na sanduku la risasi likamtua kichwani. Alilala kwenye hospitali ya hema majuma sita. Vita ilipokwisha alirudi na vitu vitatu: medali, leseni, na kishimo juu ya sikio la kushoto kinachotosha kukalisha yai la kanga. Medali mke wake Kasilda aliitundika ukutani. Leseni ilikaa mfukoni. Kishimo alikivalia kofia.

Mwaka 1951, wakati wa kung'oa karanga, alianguka shambani mbele ya ndugu zake. Alikakamaa, akatetemeka, akatoka povu. Watu wakatawanyika kama wameona nyuki, maana ilijulikana kwamba mwenye kifafa haguswi. Povu lake likikupata, na wewe umekwisha. Mtu mmoja tu hakukimbia. Huyo alikuwa Thadei, kaka yake Kasilda, aliyekuwa amekuja kutoka Inyonga kumsalimu dada yake. Alimgeuza ubavu, akamwekea shati lake chini ya kichwa, akakaa kando anatafuna karanga mbichi mpaka mwenzake alipofumbua macho.

"Shemeji," akamwambia, "kumbe kazi ukiichoka una njia yako ya kuikimbia."

Kaka zake Apolinari hawakumfukuza. Walitenga kikombe chake tu. Kikawekwa peke yake juu ya kichanja, kimefungwa kitambaa chekundu kwenye mkono wake ili mtoto asije akakosea. Akimaliza kunywa uji, hakuna aliyenyoosha mkono kukipokea. Alivumilia miezi mitatu, halafu akamchukua Kasilda wakahamia Mpanda mjini, ambako hakuna mtu aliyekijua kile kikombe.

Mpanda ya miaka ile reli ilikuwa imefika juzi, mgodi unanguruma, na malori yanatafutiwa madereva kama wali unavyotafutiwa mchuzi. Mwenye leseni alikuwa na cheo kinachokaribia cha padri, tofauti ikiwa kwamba dereva alikufikisha kweli. Kampuni moja ya malori ilimpokea Apolinari mwaka 1952, ikampeleka kwanza kwa daktari kupimwa kama anafaa.

Daktari alimwambia asome herufi ukutani, akazisoma. Akamwambia asimame kwa mguu mmoja kama korongo, akasimama. Akamwambia akohoe, akakohoa, ingawa mpaka leo hakuna anayejua kikohozi kinasaidiaje kwenye kona. Kichwa hakikuulizwa. Apolinari alivua kofia kwa adabu, akamwelekezea daktari upande wa kulia wa uso muda wote, akatoka na mhuri.

Siku hiyohiyo, kwa daktari huyohuyo, alipimwa Thadei. Huyu alikuwa na miaka arobaini na zaidi, mrina asali wa Inyonga aliyeanguka kutoka kwenye mti wa mzinga, akachomwa na kijiti jicho la kushoto likafa. Kuendesha alikuwa amejifunza kwa kuangalia mikono na miguu ya madereva, na alikuwa anaendesha vizuri. Daktari aliona jicho, akapiga mstari mwekundu. Hatukumlaumu, jicho lilionekana. Thadei akaandikwa utingo, kazi yake kuweka magogo chini ya magurudumu, kufunga turubai na kumwagia injini maji, akapangiwa lori namba saba pamoja na shemeji yake.

Wakapatana bila kikao. Asubuhi Apolinari alilitoa lori uwanjani, kofia kichwani, mkono mmoja dirishani, anawaitikia watu. Walipopita nyumba ya mwisho na miombo kuanza, gari lilisimama, wakabadilishana. Thadei aliendesha mpaka karibu na Inyonga, wakabadilishana tena, na Apolinari akaingia Inyonga kama bwana harusi. Kurudi na tumbaku, asali na mahindi, vivyo hivyo. Ugonjwa ulikuja mara mbili kwa mwezi, na kila mara ulibisha hodi: Apolinari alisikia harufu ya mpira unaoungua, na muda wa kuhesabu polepole hadi thelathini ulibaki. Thadei alisimamisha gari, akamlaza ubavu nyuma ya kichaka, akawaambia abiria kwamba injini inapumzika. Abiria nao walipumzika. Kwa miaka mitano lori salama kuliko yote katika jimbo liliendeshwa na mtu mwenye jicho moja asiye na leseni, na mwenye leseni alikaa pembeni.

Wala haikuwa siri. Hapo ndipo pachungu penyewe. Thadei aliitangaza kila asubuhi.

"Nyie mnaopanda," alisema akiwa amesimama juu ya magunia, "mnajua dereva wenu ana kifafa? Mimi nimeshasema. Mwenye watoto wadogo ashuke."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Na wewe je, chongo?" mama mmoja muuza dagaa alimjibu.

"Mimi nina moja, mama, lakini ndilo linalokufikisha."

"Huyu," alisema Apolinari kutoka kwenye usukani, "mimi nilipewa dada yake ili dada wa watu apate kulala. Kwa kelele hizi, nani angekaa naye nyumba moja?"

Kwetu shemeji ana ruhusa. Anaweza kukuita mwizi mbele ya mlango wa kanisa, akasema umekufa ukiwa umesimama unamtazama, na ukikasirika, aibu ni yako. Neno lililotoka kinywani mwa shemeji halikaguliwi. Kwa hiyo kweli ile ilipanda lori namba saba kila siku, ikashuka Inyonga, ikarudi, na hakuna aliyeitambua.

Mwezi wa sita mwaka 1957 lilipatikana jicho lisilojua kucheka. Koplo Gelasius wa polisi alikuwa ameletwa kutoka Tabora na baiskeli mpya. Alijificha na baiskeli yake kwenye daraja la magogo katika barabara ya Inyonga, lori likaja, akanyoosha mkono. Kwenye usukani alimkuta Thadei. Pembeni alimkuta Apolinari amelala fofofo, suruali imelowa, maana dakika chache nyuma ugonjwa ulikuwa umempitia.

"Leseni," alisema koplo.

"Imelala," alijibu Thadei, akamwonyesha shemeji yake kwa kidole.

Kesi ilisikilizwa na Bwana Shauri mwenyewe, yaani mkuu wa wilaya, kijana wa Kiingereza mwenye magoti mekundu, kwa ukalimani wa Hilari, karani wa baraza. Kosa halikuwa na mjadala. Bwana Shauri aliuliza tu kwa nini utingo aliendesha huku dereva yupo.

"Kwa sababu shemeji yangu ana kifafa," alisema Thadei. "Akishika yeye, siku moja tutakufa wote."

Baraza zima likacheka. Askari wa mlangoni alicheka. Hilari mwenyewe ilibidi ageukie ukutani kwanza. Bwana Shauri akataka kujua kuna nini, na Hilari, mtu aliyependa kuonekana ana elimu, akamweleza kwa kirefu: huyu ni kaka wa mke wa yule, na kwa mila zao watu hao hutukanana kwa upendo, tena neno likiwa baya zaidi, upendo ndio mkubwa zaidi. Bwana Shauri akafurahi sana. Akafungua daftari lake la mila za wenyeji, akaandika ukurasa mzima. Kesi ikasubiri.

Thadei akarudia. Safari hii hakuwa anacheka, kwa hiyo wao walicheka zaidi.

Ndipo Bwana Shauri akamgeukia Apolinari. "Hebu wewe. Ni kweli anayosema?"

Apolinari alisimama, kofia mkononi, amewaelekezea upande wa kulia wa uso. Angesema ndiyo, Thadei angepona au angepunguziwa, na leseni ingebaki mezani pale. Bila leseni hapakuwa na Mpanda, palikuwa na Kasokola, na kichanja, na kitambaa chekundu.

"Ni shemeji yangu, Bwana," alisema.

Hakusema uongo. Hata kiapo hakikupata pa kumshika. Thadei alipewa miezi mitatu, akapelekwa kuponda mawe ya kutengenezea barabara ileile ya Inyonga.

Nyumbani Kasilda hakupiga kelele. Alimpakulia, akakaa mbali.

"Mwambie Mzungu wako lile neno," alisema.

"Neno gani?"

"Lile kaka alilolisema bure."

"Nikilisema tunarudi Kasokola."

"Turudi."

"Kwenye kikombe?"

Kasilda akainuka kuosha vyombo. Kikombe hakikuwa chake, na yeye alilijua hilo.

Hata hivyo Apolinari alijaribu, kwa namna ya mtu anayejaribu mlango huku akiomba usifunguke. Alikwenda kwa meneja wa malori, Bwana Eustace, Mwingereza mnene aliyependa madereva wake kama wengine wanavyopenda mbwa wao, kwa dhati na bila kuwauliza kitu.

"Naomba kazi ya gereji, Bwana. Kichwa kinanisumbua."

Bwana Eustace alifungua droo, akampa vidonge viwili vyeupe. "Gereji? Dereva asiye na doa nimtie gereji? Kichwa kikiuma, meza. Kesho Inyonga."

Akameza. Kesho yake akaenda Inyonga.

Akapewa utingo mwingine, mtu mzima mpole asiyejua kuendesha hata mkokoteni. Wiki ya kwanza Apolinari aliendesha mwenyewe kwa mwendo wa jongoo, pua imeinuliwa, ananusa. Watu walimsifu kwamba ameongeza uangalifu. Wiki ya pili ikapita bila kitu. Alianza kuamini kwamba labda ugonjwa ulikuwa wa Thadei, kwamba ulikuja kwa sababu palikuwa na mtu wa kuupokea. Akaongeza mwendo kidogo. Akaanza tena kuweka mkono dirishani.

Jumamosi ya wiki ya tatu, akiwa anapakia Inyonga, alimwona mkwe wake Bibi Getrude, mama yao Thadei na Kasilda, amekaa juu ya mzigo wake chini ya ukuta. Alikuwa anakwenda Mpanda kumwona mwanawe gerezani, amembebea asali kwenye kibuyu.

Na mkwe si shemeji. Kwa shemeji unasema yote. Kwa mama mkwe huna hata moja la kusema. Humtazami usoni, huli mbele yake, hukai naye benchi moja. Akikujia njiani, unaingia porini apite. Nafasi pembeni mwa dereva, iliyokuwa na kiti na kivuli, ilikuwa tupu, na bibi wa watu akapandishwa juu ya magunia ya tumbaku, kwenye jua, kwa sababu ya heshima. Kabla hajapanda alisimama hatua kadhaa nyuma ya gari, amejifunika kanga, akamwambia utingo kwa sauti ya kusikika mbele:

"Mwambie mkwe wangu aende taratibu. Nina asali ya mwanangu."

"Mwambie mama nimesikia," alisema Apolinari, akiwa ameelekea porini.

Alikwenda taratibu. Saa saba mchana, kwenye mteremko wa daraja lile la magogo, alisikia harufu ya mpira unaoungua.

Breki zilikuwepo, na thelathini zilikuwepo. Kila mara katika miaka mitano zilikuwa zimetosha. Lakini kusimama pale maana yake ni kushuka, kulala kandoni mwa barabara peupe, kutoka povu na kulowa, mbele ya mama mkwe aliyekaa juu ya magunia kama amekaa kwenye roshani. Mtu anaweza kuaibika mbele ya baraza, mbele ya Wazungu, hata mbele ya Mungu ambaye amezoea. Mbele ya mkwe hapana. Ng'ambo ya daraja palikuwa na kichaka kizuri. Alipiga hesabu kwamba atavuka, asimame, aseme anakwenda kujisaidia, ajilaze huko. Baadaye alimweleza Kasilda hivyo, mara moja tu, na ndiyo maana tunajua. Alifika ishirini na mbili.

Lori lilitoka darajani upande wa kulia likalala mtoni, magunia chini, watu chini ya magunia. Watatu walivunjika mifupa. Apolinari alivunjika mkono. Bibi Getrude hakutoka. Kibuyu cha asali walikikuta mchangani, kizima, kifuniko hakijalegea.

Sasa tazama watu wenye akili walivyofanya kazi. Koplo Gelasius alikuja na kamba, akapima daraja, akaona magogo mawili yameliwa na mchwa, na ni kweli yalikuwa yameliwa. Bwana Eustace akaandika ripoti kwamba daraja limemuua abiria licha ya juhudi za dereva hodari. Waliomkuta Apolinari anakoroma kwenye matope, amelowa, povu mdomoni, walisema ni uchungu wa mkwe uliomzimisha, na wakamsifu kwa mapenzi yake kwa ukoo. Daraja likapata hatia. Likabadilishiwa magogo.

Inyonga mbali, kwa hiyo bibi alizikwa Mpanda. Gereza lilimtoa Thadei kwa nusu siku, askari nyuma yake. Kwenye msiba kwetu shemeji ndiye mwenye kazi ya kuwachekesha wafiwa, hata marehemu akiwa mkwe wake, maana kaburi limefuta mwiko. Anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake, anamdai marehemu ugali. Watu walimsubiri Apolinari aanze. Alisogea, mkono umefungwa kwenye kitambaa, akafungua mdomo.

"Usiseme kitu, Apolinari," alisema Thadei.

Miaka yote hiyo hakuwahi kumwita kwa jina. Waliokuwa karibu walisikia wakainama. Tangu siku hiyo hakumtania tena, hata alipotoka gerezani mwezi wa tisa, hata Kasilda alipompelekea chakula na kumwomba. Alipita uwanjani pa malori akiwa kimya, na watu wakasema jela imemharibu, zamani alikuwa mcheshi.

Ndipo Novemba, Apolinari akiwa bado hajarudi kwenye usukani kwa sababu ya mkono wake, ubao wa Kampuni ukasoma miaka mitano bila doa, na Bwana Eustace akaagiza kofia.

Jumamosi hiyo watu walijaa, wengi wasafi. Malori yalioshwa. Palikuwa na meza yenye kitambaa, na madereva wapya sita wamepangwa mstari mbele ili wajifunze. Kasilda alisimama nyuma kabisa. Thadei alikuwepo, kichwa bado hakijaota nywele vizuri, amekaa juu ya gurudumu bovu, jicho lake moja limetazama chini. Bwana Eustace alisoma hati kwa Kiingereza na Hilari akaitafsiri, akaongeza na ya kwake, kwamba usalama ni tunda la moyo safi. Makofi yakapigwa. Apolinari akavua kofia ya zamani kupokea mpya, na kwa mara ya kwanza watu wa Mpanda wakakiona kile kishimo, maana safari hii hakugeuza uso. Kofia mpya aliishika tu. Hakuivaa.

"Sasa," alisema Bwana Eustace, na Hilari akafasiri, "Bwana Apolinari awaambie hawa madereva wapya. Miaka mitano, barabara mbaya, mvua, wanyama. Umewezaje?"

Watu wakamgeukia Thadei kwa mazoea, wakingoja atupe neno wacheke. Thadei hakuinua jicho. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye malori yaliyooshwa.

"Miaka mitano alikuwa anaendesha yule pale, Bwana," alisema Apolinari. "Mimi niliendesha wiki tatu."